Mafuta ya Mutaa si ya Kunywa

Mmenitumia ile video mara saba. Wa kwanza alikuwa mpwa wangu wa Mwingi, wa mwisho ni kijana nisiyemjua hata jina, alipata namba yangu kwa kikundi cha kanisa. Mnaniita susu, bibi yenu, na swali lenu ni moja: "Susu, ni kweli mafuta ya mutaa yanarudisha kumbukumbu?" Na juu ya swali yuko yule mwanamume wa koti jeupe, ambaye si daktari, amesimama mbele ya rafu ya chupa, anasema matone matatu tu kwa siku na mzee wako ataanza kuwaita wajukuu kwa majina yao.

Leo najibu. Nitajibu mara moja tu, kwa hivyo msipitishe kidole haraka haraka kama mnavyofanya kitu kikizidi mistari mitatu.

Mimi ni Kamene, mama yake Kioko. Nimepika mafuta ya majani zaidi ya miaka ishirini, kwanza karibu na Zombe, halafu huku Kikima, Mbooni, nilikostaafu. Darasani nilifika la saba, kwa hivyo yule wa koti jeupe akitaka kunizidi kwa Kizungu atanizidi. Lakini boila, lile pipa la mvuke, naijua, mutaa naujua, na kusahau kwa mtu nimekuona kwa karibu. Kwa hayo matatu hakuna wa kuninyamazisha, na mwenye kukasirika akasirike sasa hivi tumalizane.

Kwa nyinyi mliozaliwa mjini: mutaa ni kile kichaka cha majani laini ya kijivu ambacho vitabu vya Kiswahili hukiita kivumbasi. Hata mbuzi wa Zombe, ambaye hula karatasi na kamba za viatu, mutaa anaupita. Mama zetu waliuweka ndani ya kunde na ndengu ili wadudu wasiingie. Waliusugua miguuni mbu wakizidi. Mtu akishikwa na mafua, majani yalichemshwa, akajifukiza, na yale maji akapewa anywe kidogo. Nimesema anywe. Shikeni hapo, maana hapo ndipo mimi nilipoharibu.

Mafuta yake ni kitu kingine kabisa. Unajaza pipa majani, unapitisha mvuke kutoka chini, mvuke unabeba harufu na kuingia nayo kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, unageuka kuwa maji tena, na juu ya hayo maji yanaelea mafuta kidogo. Gunia zima la majani linakupa kikombe kidogo cha kahawa, ukibahatika. Sasa fikirieni, gunia zima limeingia kwa kikombe. Mwenye akili angekiogopa hicho kikombe. Sisi hatukuogopa, tulipiga vigelegele.

Kazi yenyewe niliijua kwa kuungua. Mtambo ulikuwa wa Bwana Musembi, mtu wa kwetu aliyeanza na duka la vyuma. Tulikuwa wanawake sita. Maji ya kupoozea tuliyachimba mchangani kwenye mto mkavu, tukayaleta kwa punda, na punda wakigoma tuliyaleta kwa migongo yetu. Julai moja, asubuhi ya baridi ile ya Kitui ambayo wageni hawaamini ipo, mafuta yakaacha kutoka. Nikasema moto ni mdogo, nikaongeza kuni. Aiya! Mfuniko uliruka ukapita juu ya paa, ukaenda kuangukia shamba la ndengu la jirani, na mimi nikawa chini, leso kichwani, namwomba Mungu kwa Kikamba na kwa Kiswahili asije akasema hakusikia. Jirani alikuja akiusukuma ule mfuniko kwa fimbo, akauliza kama tunapika mafuta ama tunapigana na serikali.

Tulipofungua bomba tulikuta limezibwa na vipande vyeupe vya kung'aa. Mimi nikadhani ni chumvi ya maji yetu. Nikavikwangua nikavitupa, na nikaendelea kuvitupa kila vikitokea, msimu mzima, mpaka nilipokutana na Mzee Salim.

Mzee Salim alikuwa na duka la manukato Kitui mjini. Babu yake alitoka pwani na biashara, wao wakazaliwa hapa hapa, na akitaka kumbembeleza mteja aliongea Kikamba kunishinda mimi. Aliuza udi, ubani, halwaridi, na vichupa ambavyo hata kufunguliwa tu vilikuwa heshima. Tulimpelekea chupa yetu ya kwanza ya kuuza, wanawake watatu na viatu vya Jumapili. Akadondosha tone kwenye kitambaa, akakisogeza puani, akafunga macho, akakirudisha mezani.

"Haya mafuta mmeyapika ama mmeyachoma?"

"Tumepika, Mzee," nikasema.

"Yanuka sufuria. Maji yaliisha chini, majani yakashika moto, nanyi mkanyamaza. Si kweli?"

Kweli tupu. Wenzangu wakaangalia mlango. Mimi, kwa kuwa aibu ilikuwa imeshamwagika, nikatoa vile vipande vyeupe kwenye pakiti ya majani ya chai nikamuuliza nifanye nini vikome. Akavitazama, akacheka mpaka akavua kofia.

"Mama, waitwa nani?"

"Kamene."

"Kamene, hii ni kafuri. Watupa kafuri? Sisi hii twaitia kwa maji ya kumwoshea maiti. Mutaa wenu umejaa kafuri tele." Kisha akaacha kucheka. "Na kwa sababu hiyo, mtu asije akaionja. Hii haiingii tumboni mwa mtu aliye hai."

Nilisikia. Nataka mjue kwamba nilisikia, tena vizuri.

Kuanzia hapo, kila nikipika nilimpelekea. Alinifundisha kunusa mara tatu: tone linapoanguka tu, tena baada ya kula, tena kesho yake asubuhi, kwa sababu mafuta mabaya hupendeza ile mara ya kwanza peke yake. Pua ikichoka, alisema, nusa ndani ya kiwiko chako mwenyewe, harufu yako ndiyo inaiamsha. Alinikataza kuvuna siku ya mvua, alinikataza kuvuna kabla maua hayajaanza, alinikataza kupaka losheni siku ya kazi. Nilipaka mara moja tu. Alinitoa dukani kama anayefukuza kuku.

"Kiswahili chako kina changarawe, Kamene," alikuwa akinitania, "lakini mafuta yako yameanza kulainika."

"Na wewe Kikamba chako ni cha kuuzia tu," namjibu. "Hebu nitukane nisikie kama unaweza." Hakuweza. Alikuwa mtu wa adabu mno.

Sasa mambo ya kumbukumbu. Hayakuletwa na yule wa video, yaliletwa na msichana wa Makueni, Daktari Mumbua, ambaye anafundisha chuo kikuu na ni daktari wa vitabu na maabara, si wa sindano. Alikuja na kijisanduku cha barafu akaomba chupa zetu. Nikamuuliza za nini. Tofauti na wasomi wengine, yeye alikaa chini akaeleza.

Alisema kwamba ndani ya ubongo kuna kitu kinachobeba habari kutoka hapa kwenda pale, na kingine kinachokuja nyuma yake kukivunja kazi ikiisha. Mtu akishikwa na ugonjwa wa kusahau, yule mbebaji anapungua. Dawa zingine za hospitali zinamzuia yule mvunjaji ili mbebaji adumu kidogo. Sasa wasomi wameona maabarani kwamba baadhi ya mafuta ya majani, ya rosmari, ya mimea jamii ya mutaa, nayo yanamgusa yule mvunjaji. Wamejaribu kwenye vichupa, wamejaribu kwa panya wanaotafuta njia ya kutokea. Panya wengine wamefanya vizuri.

"Kwa hivyo ni dawa," nikasema haraka.

"Bado ni swali, mama," akasema. "Ni swali zuri. Lakini kutoka kwa panya mpaka kwa mtu ni safari ndefu, na vitu vingi hufia njiani."

Bwana Musembi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia ile sehemu ya panya, halafu simu yake ikalia akatoka. Sehemu ya safari hakuisikia, ama aliisikia akaona haimfai. Mwezi haukuisha, lebo mpya zikaja: Mafuta ya Akili, Hurudisha Kumbukumbu, Asilia Kabisa. Nilimwambia, "Bwana Musembi, hii si kweli." Akaniambia, "Mama Kioko, wewe pika." Sitaki kumfanya shetani. Ukame ulipokuja yeye ndiye aliyetufanya tukapata kazi wakati waume zetu walikuwa wamekaa. Lakini mtu anaweza kukusaidia na bado akaandika uongo kwenye chupa.

Ni wakati huo huo nilipompelekea Mzee Salim mafuta yaliyoungua. Sikukusudia. Maji yaliisha tena, nilikuwa nimelala kidogo kwenye kivuli, mafuta yakatoka na ule moshi. Nikayapeleka hivyo hivyo nikiwa nimejiandaa kugombezwa, hata njiani nilitunga visingizio viwili. Akadondosha tone kwenye kitambaa, akakisogeza puani, akafunga macho.

"Mashallah," akasema. "Safi. Haya ni safi kabisa."

Nikadhani ananitania. Nikangoja acheke. Hakucheka. Alinirudishia kitambaa na uso mzuri wa mtu aliyeridhika. Nikamwambia, "Mzee, nusa tena." Akanusa tena. "Safi," akasema.

Pua ndiyo iliyotangulia kuondoka. Baadaye Daktari Mumbua aliniambia kwamba huwa hivyo kwa wengi wao, kunusa kunaondoka mapema, majina yanafuata nyuma. Kwa Mzee Salim yalifuata. Aliswali adhuhuri, akakunja mkeka, akaukunjua akaswali tena. Alimuuliza bintiye Zainabu mama yake ameenda wapi, na mama yake Zainabu alikuwa amezikwa zamani. Mimi aliniita kwanza Kamene, halafu yule mama wa Zombe, halafu akawa ananisalimia vizuri kama anavyosalimiwa mteja.

Nilitaka mafuta yale yafanye kazi, jamani. Kama kuna mtu katika Kitui nzima alitaka yawe kweli, ni mimi. Yule aliyenifundisha alikuwa anaishia mbele ya macho yangu, na mkononi nilikuwa nimeshika chupa inayosema itamrudisha. Kwa hivyo Zainabu aliponipigia simu akasema Bwana Musembi amemletea babake chupa mbili za bure, na akaniuliza, "Mama Kioko, wewe ndiye mpishi, anatumiaje?" mimi nikasema, "Matone matatu, asubuhi na jioni."

Matone matatu. Sikusema wapi. Kwetu sisi wapishi tone ni la kitambaa, hakuna pengine. Lakini Zainabu alilelewa Ukambani kama mimi. Jani la mutaa likichemshwa, mgonjwa anakunywa. Dawa ya majani inaingia kwa kinywa, ndivyo tulivyokua sote. Akamtilia kwa chai. Na kwa kuwa kwenye chupa iliandikwa Asilia Kabisa, na hospitalini alikokuwa akipewa vidonge waliandika tu presha, presha, akaona vidonge vya presha vipumzike kidogo ili dawa mbili zisigombane. Halafu, kwa kuwa alimpenda babake, matone matatu yakawa kijiko.

Alishikwa na degedege asubuhi moja akiwa amekaa kitini. Nilipofika hospitali nilimkuta amelala, mdomo umejikunja upande mmoja kwa kujiuma, Zainabu amekaa sakafuni. Daktari wa zamu, kijana tu, aliuliza mgonjwa amekula nini. Zainabu akanitazama. Mimi nikatoa chupa kwenye kikapu changu cha kiondo nikamwambia daktari, "Hii ina kafuri nyingi." Akaniuliza nimejuaje. Woi, watoto wangu. Nimejuaje! Aliyenieleza ndiye aliyekuwa pale kitandani.

Alipona ile degedege. Presha ilirudishwa chini. Kumbukumbu haikurudi na haikuwa ya kurudi.

Kabla sijawaambia yaliyotokea sokoni Kabati, nisikilizeni kidogo, hasa nyinyi wenye wazee nyumbani. Mafuta ya harufu, yawe ya mutaa, ya rosmari, ya mkaratusi, hayaingii kinywani. Hayaingii kwa chai, kwa uji, wala kwa asali. Jani ni jani, mafuta ni gunia zima. Mtoto mdogo hata karibu na pua usimwekee. Ukitaka harufu ndani ya nyumba, tone moja kwenye kitambaa, kitambaa kikae mbali, mlango uwe wazi. Nilimjua mama huku Mbooni aliyekuwa akioga kwa mchaichai na binti yake akimpaka mafuta mikononi, yamechanganywa na ya kupikia, na mama alitulia, akaacha kuzunguka uani akitafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Hilo nimeliona. Kutulia nimekuona, kulala vizuri nimeona. Jina lililopotea likarudi kwa sababu ya chupa, hilo sijaliona, na nimeangalia kuliko huyo wa koti jeupe. Na vidonge vya hospitali usiviguse mpaka aliyevitoa akwambie. Mzee akianza kusahau, mpeleke apimwe, maana kuna kusahau kwingine kunatokana na presha, ama sukari, ama dawa zenyewe, na huko kunaweza kusaidiwa.

Msiniambie basi kwamba nimekata tamaa. Sijakata! Daktari Mumbua bado anakuja, na kila msimu namwekea chupa yake, iliyopikwa na mikono ya wale niliowafundisha, na kwenye karatasi wanamwandikia kila kitu, shamba gani, mvua ilinyesha lini, moto ulikaa muda gani, hata kama iliungua. Swali lake likijibiwa kuwa ndiyo, nitakuwa wa kwanza kucheza pale sokoni na magoti haya haya. Likijibiwa kuwa hapana, nitawaambia hapana. Lakini swali halijajibiwa, na mimi sitamsaidia mtu kuliandikia jibu kwenye lebo.

Sasa Kabati.

Wiki chache baada ya ile degedege, Bwana Musembi aliweka hema na jukwaa la mbao sokoni Kabati, siku ya soko, na spika mbili kubwa na bango. Kwenye bango kulikuwa na picha ya Mzee Salim akitabasamu. Nilipomuona Zainabu anamshusha babake kutoka kwa gari nilimvuta kando.

"Zainabu, wewe! Baada ya yale yote?"

"Bwana Musembi anasema kosa lilikuwa chai," akasema. "Anasema kwa kunusa tu itafanya. Mama Kioko, nikiacha kuamini hii nitaamini nini? Niambie wewe."

Hakungoja jibu. Alimnyoosha babake kola, akamfuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akamkalisha kitini mbele ya watu.

Mimi nilikuwa nimejipanga. Ndani ya kiondo nilikuwa na kitambaa nilichochovya kwenye maji ya mtungi, maji matupu. Nilijua Musembi atamnusisha mafuta na Mzee atasema alichofundishwa kusema. Mimi ningempa kile kitambaa mbele ya wote, naye angesema vile vile, na uongo ungekufa hapo hapo. Niliona ni akili sana. Nilikuwa nimeifurahia nyumbani.

Musembi akashika maikrofoni. Akaeleza kwamba mzee huyu alikuwa hajui hata bintiye, na leo mtajionea. Akafungua chupa. "Mzee wetu, hii ni nini?"

Mzee Salim akanusa, akafunga macho, vile vile kama zamani. "Mutaa," akasema. "Mzuri sana."

Watu wakapiga makofi. Wamama wakaanza kusogea mbele, na niliwajua wengine, nilijua nani ana mama mkwe anayepotea njia ya kisima, nani ana baba anayevaa viatu viwili tofauti. Mkono wangu ulikuwa ndani ya kiondo, umeshika kile kitambaa. Nikamtazama Mzee. Kofia yake ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Alikuwa amefurahi kwa sababu watu wamefurahi. Na nikaona kwamba nikimpa yale maji, soko zima litacheka, na litakuwa linacheka pua ile, na ni mimi nitakayekuwa nimeifanya ichekwe.

Haki sikuweza. Niliacha kitambaa ndani ya kiondo, nikapanda jukwaani nikamnyang'anya Musembi maikrofoni.

"Mnanijua," nikasema. "Mimi ni Kamene wa Zombe, mafuta haya nimeyapika mimi. Nimekuja kuwaambia kwamba karibu nimuue huyu mzee. Binti yake aliniuliza anatumiaje, nikajibu nusu. Akayanywa. Alianguka degedege, nikamkuta hospitali. Anayetafuta wa kulaumiwa anilaumu mimi, Zainabu hana kosa. Lakini mafuta haya hayarudishi kumbukumbu. Hakuna anayejua kama yanaweza, na aliyeandika hivyo kwenye chupa hajui pia. Yaoneni kama manukato. Kama mna mgonjwa nyumbani msiyanunue kwa ajili yake."

Zikaanza kelele. Musembi alinyakua maikrofoni, shingo imevimba. "Mama Kioko, umelewa? Shuka! Mimi nimekulisha wewe! Kesho usikanyage kwangu! Mtu mzima ovyo!" Alisema na mengine ambayo sitayaandika, na yote yalitoka kwa spika mbili. Mimi nilisimama. Nililia, ndiyo, lakini nililia kwa hasira na nilikataa kushuka. Nikamwambia bila maikrofoni, kwa sauti yangu hii ya kuitia punda, "Sikanyagi! Na boila yako uiwashe mwenyewe!" Hapo ndipo nilipofutwa kazi, na hivyo ndivyo nilivyokuja kuokotwa na wanawake wa Kikima waliokuwa na kimtambo kidogo na rosmari shambani. Sijutii hata dakika moja.

Musembi alikuwa bado anapiga kelele, kidole kimefika karibu na uso wangu, wakati kiti kilipokwaruza nyuma yetu. Mzee Salim alikuwa amesimama. Zainabu alijaribu kumshika mkono, Mzee akautoa taratibu. Alikuja mpaka katikati yetu, akakishusha kile kidole cha Musembi kwa mkono wake mwenyewe.

"Kijana," akasema, "mwache mama wa watu."

"Mzee, wewe hujui alichofanya."

"Sijui," akasema Mzee Salim. "Na yeye simjui. Lakini mwache."

Musembi akashusha maikrofoni. Mzee akanigeukia, akaniangalia usoni, kwa upole ule wa mtu anayekutana nawe mara ya kwanza.

"Mama, kwenu ni wapi?"

"Zombe, Mzee."

"Ni mbali," akasema. "Umekula?"

Nikamwambia bado. Akanishika kiwiko, akanipeleka mpaka kwenye kile kiti walichomwekea mbele ya bango, akanikalisha mimi, na yeye akasimama kando yangu mpaka watu wakaisha.